Mbinya Ndolo na Kundi la Mbu la Kibwezi

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mbinya Ndolo wa Kibwezi, mtafiti wa mbu. Moyo wake ulisimama ghafla wiki iliyopita. Jambo moja lilimshughulisha tangu chuoni: mbu dume na mbu jike hukutana wapi, na hutambuana vipi?

Alirudi nyumbani na wavu wa kitambaa wenye mpini mrefu. Majirani walimcheka. Yeye aliwaeleza kwa utaratibu. Jua likizama, madume ya mbu wa malaria hukusanyika kundi hewani, mara nyingi juu ya doa jeusi ardhini. Jike huingia katikati yao. Dume humtambua kwa mlio wa mabawa yake. Kisha wote wawili hurekebisha milio yao hadi ipatane. Wakishakutana, jike huenda kutafuta damu ya kukuza mayai.

Kavata, mdogo wake, alisikia neno moja tu: damu. Malaria ilikuwa imemharibia mimba ya kwanza. Mwaka huu alipata nyingine, akarudi kwa mama yao, Mutindi. Kila jioni alifunga madirisha mapema. Kila jioni bado alisikia mbu.

Mbinya alilitafuta kundi hilo mferejini, shambani, zizini. Akalipata uani kwao, karibu na dirisha la Kavata, juu ya turubai jeusi. Mutindi alianika ndengu hapo. Jioni alizoa ndengu, akaliacha turubai chini.

"Mwaitu, wanafuata turubai lako," Mbinya alimwambia mama yake.

"Ndengu zangu zimekosa nini tena?"

"Hazijakosa. Liache hapo hapo."

Kavata alishtuka. "Dada, unawakaribisha mbu kwangu?"

"Hawa ni madume. Hawaumi."

"Kama wanaume wa Kibwezi. Kelele tu!"

Mbinya alicheka. Turubai likikunjwa, alisema, watahamia tusikokujua. Basi kila jioni aliwanasa kwa wavu, na kila jioni aliliburuta turubai kidogo kuelekea kwenye ua wa nje, mbali na dirisha la Kavata. Kundi lilifuata. Kavata alipima umbali kwa macho, mkono tumboni.

Wasikilizaji wapendwa, Mbinya alipofariki, waombolezaji walijaa nyumbani. Jirani yao, Mzee Musyimi, kwa nia njema, alilichukua turubai akalifunga juu liwe kivuli. Jioni, nyimbo za kanisa zikiendelea, Kavata alisimama.

"Mzee, naomba turubai lirudishwe chini."

"Keti, mama. Leo si siku ya mbu."

"Mbu hawajui kuna matanga."

Musyimi alilifungua, akalitandika mahali pake. Kavata alishika wavu wa dada yake, mimba ikiwa ya miezi minane, akangoja. Hakuja mbu hata mmoja. Tangu siku hiyo anangoja kila jioni. Kundi halijarudi.

"Nilipoliona niliogopa," alituambia. "Sasa silioni. Naogopa zaidi."

Kwa Mama Mutindi, kwa Kavata na kwa ukoo wote wa Ndolo: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tutafakari. Mbinya alisimama na kutazama mahali ambapo sisi hupita tu. Leo, kabla ya kuwasha taa, toka uani utazame juu ya kila doa jeusi. Na wewe jirani wa Mutindi, ukiliona kundi hilo, usilifukuze. Mwite Kavata.