Mzee Isilale na Nyama ya Shukrani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka muuza nyama aliyetuaga wiki iliyopita. Mjane wake ametuonya mapema: "Mkilia sana mtakuwa mmemsingizia. Yule alikuwa mtu wa kicheko." Basi tutajitahidi.

Alikuwa muuza nyama. Siku za kazi alikuwa buchani na aproni yake nyeupe, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Somo alilolipenda ni moja tu: sadaka za Waisraeli wa kale. Aliwaambia watoto kwamba mnyama wa sadaka hakuwa na kilema wala doa, maana Mungu hapewi makombo. Kisha akafika kwenye nyama ya shukrani. Hiyo iliwe siku ile ile, isilale hadi asubuhi.

"Kwa nini isilale?" aliuliza, akajijibu mwenyewe. "Kwa sababu mtu mmoja hamalizi fahali. Lazima aite watu!"

Watoto hawana dogo. Wakambandika jina, Mzee Isilale.

Sasa, mkewe aliugua sana, kisha akapona. Kwa furaha, Mzee Isilale akachinja fahali mzima. Mtaa ukaja, ukala, ukashiba, ukafunga na ya kubeba. Alasiri nyama bado ipo. Mzee akaanza kuisogeza taratibu kuelekea kwenye friji. Mkewe akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Naihifadhi kidogo tu, mama watoto."

"Isilale! Si ndivyo unavyofundisha? Kuna nyumba hujaiita."

Nyumba hiyo aliijua. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mbele yake kuna bucha ya kaka yake mkubwa. Ndugu hawa, wa tumbo moja, hawakuwa wamesalimiana tangu baba yao azikwe. Waligombania kisu cha marehemu baba yao. Kisu, wasikilizaji! Mdogo alibaki nacho, mkubwa akabaki na kinyongo.

Mzee Isilale akajaza sinia, akavuka barabara. Yaliyofuata anayasimulia kaka mwenyewe.

"Nilifunua sinia. Mifupa na mbavu! Nikamwambia, mdogo wangu, baada ya kuninunia miaka yote hii unaniletea makombo? Akageuka, akaenda zake. Nikajuta. Nikasema, huyu harudi tena."

Alirudi. Nyumbani alikuwa ameficha sarara, ile nyama laini kuliko zote, aile yeye na mkewe. Akaichukua yote. Juu yake akaweka kisu cha baba.

"Kaka," alisema, "nafundisha watoto sadaka isiyo na doa, halafu nakuja kwako na mabaki. Nisamehe."

"Nilicheka hadi machozi yakanitoka," anasema kaka. "Nikamwambia ingia haraka, jua linazama, na nyama isilale!"

Wakala pale pale, kwenye meza ya kukatia nyama, wakiimba nyimbo za utotoni kwa sauti mbaya kabisa. Mkewe aliwasikia akiwa ng'ambo. Anasema alipona mara ya pili.

Jumapili iliyofuata, Mzee Isilale aliwaambia watoto: "Nilidhani utakatifu ni kukitenga kizuri mbali na watu. Kumbe kikishatengwa kwa Mungu, hakiwezi tena kuwa changu peke yangu." Sisi Wakristo, aliongeza, hatupeleki tena fahali. Kristo asiye na doa alijitoa mara moja, ikatosha. Tulichobaki nacho cha kutoa ni sisi wenyewe, na mtu asijitoe nusunusu.

Siku ya maziko kaka alichinja. Alikata kwa kisu kile kile, akalisha mtaa mzima, na hakuna kilicholala. Kisha akamkabidhi kisu mtoto wa marehemu.

Poleni sana, mama mjane, watoto, na wewe kaka mkubwa. Mungu amlaze mpendwa wenu mahali pema. Nasi, wasikilizaji wapendwa, kabla jua la leo halijazama, kila mmoja aufikirie ule mlango mmoja mtaani kwake ambao hajaugonga. Aende leo, na asiende na mifupa.