Mngurumo wa Sanduku la Kidole

Benchi letu liko ghorofa ya tatu, kwenye varanda ndefu ya soko la vifaa vya umeme pale Jongno, katikati ya Seoul, kando ya ile mashine ya kahawa inayotema vikombe vya karatasi kwa hasira. Mimi nauza skrubu na vitufe vya redio, basi wakaniita Skrubu, wala hawakuniomba ruhusa. Kushoto kwangu hukaa Moshi, fundi wa transfoma, anayejua kilichoungua kwa kunusa tu. Kulia hukaa Shemasi, aliyefunga vipaza sauti kwenye nusu ya makanisa ya Seoul na anayeongea kana kwamba kimoja bado kiko mbele yake. Katikati ni pa Kidole, na hapakaliwi. Kidole ni marehemu kaka yetu Wan-gil. Ujanani alipiga gitaa kwenye klabu za wanajeshi wa Kimarekani kule Uijeongbu, uzeeni akawa mjaribu wetu. Hakuna amplifaya iliyotoka kwenye varanda hii bila yeye kuichomekea gitaa, kuipigapiga, na kusema, "Haya, mpeni mwenyewe." Alituacha mwaka jana, miti ya barabarani ilipoanza kugeuka njano, na leo jioni ni kumbukumbu yake ya kwanza, marehemu aandaliwapo meza ya chakula. Mkewe, shemeji Ok-bun, alituletea sanduku lake la spika, lile kubwa alilotoka nalo klabuni, akatuomba jambo moja tu: siku hiyo liwake nyumbani kwake. Amplifaya yake ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Tukamtengenezea nyingine ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, kwa mikono yetu wenyewe. Inawaka, lakini inanguruma, na shemeji yuko njiani kuja kuchukua.

Moshi: Isikieni hiyo. Nnnnnn. Kama nyuki kafungiwa kabatini.

Shemasi: Waya wa ardhi huo. Nimesema tangu kiangazi.

Moshi: Waya wa ardhi tumeubadilisha mpaka ardhi yenyewe imetuchoka. Wewe kila kitu waya wa ardhi! Mkeo akinuna, waya wa ardhi.

Shemasi: Mke wangu hanuni.

Moshi: Basi hajakusikia ukihubiri.

Skrubu: Jamani, mchana huu unakwisha.

Moshi: Mimi nasema shida ni sanduku, lina nafasi mno ndani. Wahenga walishasema, debe tupu haliachi kuvuma. Tulijaze sufi, mchezo umekwisha.

Shemasi: Wahenga waliwasema watu kama wewe, siyo masanduku.

Moshi: Haya, toa lako.

Shemasi: Ni huo mto hapo chini. Zamani ulifunikwa zege, tukakaa kwa amani. Walipoufunua, unyevu ukapanda. Valvu zinakunywa maji, ndugu yangu.

Moshi: Mto umepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu?

Shemasi: Kikulacho ki nguoni mwako!

Moshi: Vua koti basi tuutafute mto wako.

Nilicheka, kahawa ikanipalia. Lakini nilimwona Moshi hacheki. Alikuwa amelitazama lile sanduku, kitambaa chake cha mbele kimepauka pale Kidole alipozoea kuegemeza goti.

Skrubu: Labda ni jengo. Transfoma zote zilizonguruma humu tangu tuwe vijana, kuta nazo si zimeshajifunza?

Shemasi: Skrubu, kahawa yako wametia nini?

Moshi: Mimi nadhani ni yeye.

Shemasi: Nani?

Moshi: Kaka. Hataki itoke. Nani ameijaribu? Nani amesema mpeni mwenyewe? Hakuna! Sasa mnataka itokeje?

Tulikuwa tumekaa msimu mzima tukigombana juu ya nyaya, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelitaja hilo.

Moshi akainuka, akainamia amplifaya, akanusa. Akavaa glavu, akalegeza skrubu za transfoma kubwa, akaizungusha polepole, robo tu. Mngurumo ukashuka. Ukafifia. Ukaisha kabisa.

Moshi: Transfoma mbili zilikuwa zinatazamana. Hii inamnong'oneza mwenzake.

Shemasi: Amina! Amina! Nilijua siyo waya wa ardhi!

Tulishikana mikono kama watoto waliofaulu mtihani. Moshi alikuwa bado anakaza skrubu ya mwisho tulipomwona shemeji Ok-bun akija varandani, mkononi mfuko wa mapea na samaki mkavu wa meza ya marehemu.

— Shikamoo, shemeji.

— Marahaba. Mmeshindaje?

Akaketi katikati, pale pasipokaliwa. Tukamwachia. Moshi akamwonyesha sanduku kwa mikono miwili. Valvu zilikuwa nyekundu, na hata pumzi zetu zilisikika.

Shemeji: Washeni basi.

Moshi: Limewaka, shemeji.

Akainama, akaweka sikio kwenye kitambaa kile kilichopauka.

Shemeji: Mbona hayumo?

Shemasi: Kulikuwa na mngurumo, shemeji. Tumeuondoa. Sasa sauti ni safi, hata kanisani haipatikani safi hivi.

Shemeji: Mmeuondoa?

Shemasi: Wote.

Shemeji: Mimi nyimbo zake sikuzipenda. Kelele tupu. Ila kabla ya kupiga alikuwa anawasha, anakaa tu, gitaa mapajani. Mwisho mwisho vidole vilimuuma, basi hata kupiga hapigi, anakaa. Mimi niko jikoni. Nikiusikia ule mngurumo najua yupo, napakua wali wa wawili. Ukizimika, najua anakuja mezani.

Moshi alikuwa bado na bisibisi mkononi.

Shemeji: Jioni nitaacha mlango wazi aingie. Nitamwekea wali na supu, nitammiminia na pombe yake. Sasa akiingia, nitajuaje kama ameketi?

Mafundi watatu, maisha yetu yote tumekula kwa kuondoa mingurumo kwenye vyombo vya watu.

Moshi akavaa tena glavu. Akalegeza alichokuwa amekaza.

Moshi: Shemeji, funga macho. Utaniambia.

Akaanza kuizungusha transfoma. Nnn, mbali, kama inatoka nyumba ya jirani.

Moshi: Hapa?

Shemeji: Bado.

Moshi: Hapa?

Shemeji: Umepita. Rudi kidogo. Kidogo tena.

Nnnnnn. Mikono ya shemeji ikatulia juu ya mfuko wa mapea. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Shemeji: Haya. Mpeni mwenyewe.

Tukalibeba sanduku pamoja na amplifaya sisi watatu, tukashuka ngazi, na kahawa tukaiacha pale pale benchini.