Bi Rula na Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuzipima Benki

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mtafiti mwandamizi wa Idara ya Utafiti atarudisha ufunguo wa chumba namba 14 na kustaafu kwa heshima, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Sisi tunamwita Bi Rula, kwa sababu ya ile rula ya mbao anayoishusha mstari kwa mstari kwenye majedwali, hata baada ya kupewa kompyuta ya tatu.

Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila mwaka alizipima benki za nchi nzima: kwa watumishi, matawi na gharama ilizonazo, kila benki inahudumia watu wangapi, inapokea akiba kiasi gani na inakopesha kiasi gani. Kisha alilinganisha mwaka na mwaka, tujue kama tunasonga mbele au tunakanyaga palepale.

Karatasi tupu hakuziamini. Benki ikijaza fomu kwamba tawi lina madirisha manane, yeye alikwenda kuyahesabu, na mara nyingi alikuta matatu yanahudumia watu na matano yanatunza maboksi. Katika tawi moja mlinzi alimtilia shaka mwanamke anayekuja kila Jumanne na daftari, haweki wala hatoi, akamtoa nje kwa adabu zote. Wiki iliyofuata meneja wa tawi hilo aliitwa kwenye kikao chetu, akakuta anayeuliza maswali ni yule yule. Jamani, jasho lilimtoka na feni inazunguka!

Shemeji yetu, mumewe, ni fundi wa friji. Anatuambia nyumbani hali ni hiyo hiyo: sufuria zikioshwa na watu wawili, mama anataka kujua kwa nini hazikwisha kwa nusu ya muda. Binti yao mkubwa ameapa hataolewa na mwanamume anayevaa saa.

Lakini heshima aliyonayo hapa kazini ilianzia kwenye kosa. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne. Majedwali yake yalionyesha miaka kumi na moja ya kupanda tu: wastani wa ufanisi ulitoka 71 hadi 84 kati ya 100. Wakubwa walifurahi, mchoro ukatundikwa mapokezi, na barua ya kumfanya mkuu wa idara ilikuwa inasubiri sahihi tu. Wiki hiyo alipanga foleni kuweka akiba yake mwenyewe. Dakika hamsini! Kwenye daftari lake la zamani, foleni hiyo hiyo ilikuwa dakika ishirini na tano, na jedwali linasema benki hiyo imepanda. Alirudi ofisini bila kuweka hata senti.

Siku ya tatu ya kupekua majedwali alilipata kosa. Kila mwaka alikuwa akiipa benki bora kuliko zote alama 100, halafu nyingine akizipima kwa hiyo. Kumbe ile bora yenyewe ilikuwa inazorota. Ni kama kupima urefu wa mtoto kwa kumsimamisha kando ya babu yake: babu akianza kupinda mgongo, utaapa mtoto amerefuka. Miaka yote hiyo tulikuwa tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeuliza. Alipiga moyo konde, akaingia kwa mkurugenzi, akaomba ripoti iliyokwisha kupelekwa kwa mchapaji irudishwe. Mbele ya kamati alisema kosa ni lake. Kwa miezi mitano alipima upya miaka yote kwa kipimo kimoja kisichohama, yaani benki bora kama ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Wastani haukuwa umepanda hata kidogo. Ulikuwa umeshuka hadi 66.

Mchoro wa mapokezi ulishushwa, na barua ya cheo haikutiwa sahihi. Benki nazo ziliposomewa ukweli zilishtuka. Ndani ya miaka mitano madirisha yalifunguliwa, na maombi ya mikopo yaliyokuwa yakikaa miezi mitatu yakaanza kujibiwa kwa wiki tatu. Leo wastani ni 79, tena 79 ya kweli.

Cheo kile nilipewa mimi ninayeandika haya. Asubuhi ya kwanza alikuja kunionyesha mafaili yalipo, akanipongeza kwa moyo mweupe, akarudi chumbani kwake kufanya kazi miaka kumi na saba mingine.

Wengi wenu hamjui kwamba kila jedwali letu huwa na sahihi mbili: ya aliyepima na ya aliyehakiki. Kwenye yale kumi na moja, mhakiki nilikuwa mimi. Kamati haikuuliza, yeye hakunitaja, nami nilikaa kimya nikiangalia viatu vyangu. Hajawahi kunikumbusha, hata kwa utani, na aibu hiyo nimeishi nayo hadi leo.

Dada yangu, asante, na unisamehe. Idara nzima inakuombea afya njema na mapumziko uliyoyatolea jasho. Jana nilimpelekea mkurugenzi barua iwekwe kwenye faili lako, inayosema kosa lilikuwa letu sote wawili, na aliyesimama kulisema ulikuwa wewe peke yako.