Namba Saba ya Mwalimu Tadei

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mliojipanga karibu na sufuria za pilau: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Mimi ni Luciana, mlinda ndege wa shamba la mpunga la chuo hiki. Nimepewa dakika tano kumuaga Mwalimu Tadei, fundi wetu wa redio, anayestaafu leo na kurudi kwao Chita. Jumanne alinifuata kwenye majaruba akaniuliza swali, nikamwambia jibu atalipata leo mbele za watu. Ndiyo maana mnamwona hata soda hajaigusa.

Miaka mitatu iliyopita, mwaka tisini na nne, chuo kilipata mashine ya kutengeneza mawimbi ya sauti, na huyu bwana akajigamba kwamba itafukuza ndege kwelea vizuri kuliko mimi. Je, niliogopa? Niliogopa sana. Mjane mwenye watoto wanne, na kazi yangu ni koo hili tu.

Alinieleza kwa upole. Ndani ya mashine, alisema, hakuna sauti, kuna namba. Kila namba ni kimo cha wimbi mahali fulani. Mashine inazisoma kwa mpangilio, ikifika mwisho inaanza upya, na ikisoma haraka mlio unakuwa mwembamba. Tukaanza na wimbi laini, linalopanda na kushuka taratibu. Likapiga mluzi mtamu, kwelea wakatua juu ya spika. Akaleta wimbi la mraba, linaloruka juu, linatulia, halafu linaanguka ghafla. Hilo lilikoroma hadi Mzee Mashimba akaacha ng'ombe wake, akaja na fimbo kuuliza nani anamtesa ndama.

Ndipo akaniomba nipige ukelele wangu, "Hooo", kwenye maikrofoni. Akalisimamisha wimbi langu kwenye kioo cha kipimo chake, akalichora kwenye karatasi ya grafu, akaingiza vimo elfu moja kwa kidole kimoja, siku mbili nzima, akavihifadhi ndani ya mashine kwenye nafasi namba saba. Betri ndogo ikavitunza hata umeme ulipokatika. Asubuhi mashine ikalia "Hooo" yangu, mfululizo, kutoka saa kumi na mbili hadi saa tano. Ndege wakakimbia. Jamani, nililia, nikajua kazi imekwisha. Siku ya tatu wakarudi wote. Hata ndege anajua hakuna mwanamke asiyevuta pumzi.

Mashine ikaingia kabatini. Wiki iliyopita, wakati wa kukabidhi vifaa, mwalimu Agnella anayerithi karakana akabonyeza namba saba. Hooo. Watu wote wakanigeukia mimi niliyekuwa nafagia pale, na ufagio wangu. Kumbe kila mwaka huyu bwana alikuwa anabadilisha betri, mashine ikiwa imewashwa, ili nisifutike. Ndege walinizoea kwa siku tatu. Yeye miaka mitatu hajanizoea.

Basi, swali lake la Jumanne lilikuwa hili: "Luciana, nitaenda Chita peke yangu?"

Mwalimu, hapana. Tuma mshenga kwa kaka yangu kule Mngeta, Jumapili hii, tena mshenga asiyezungukazunguka. Namba saba uifute. Mimi nakuja na koo lenyewe, na hili linavuta pumzi, kwa hiyo ndege wa Chita wajiandae.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu. Mniwie radhi sitaketi; mpunga uko peke yake tangu nianze kuongea.