Mama Wapi Anakabidhi Ramani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, kitengo cha takwimu za uhalifu kinamuaga Mama Wapi, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na askari wa zamu waliochoka kuulizwa swali lilelile kila walipomletea taarifa: "Wapi hasa? Karibu na nini?"

Alianza kama karani wa masjala, akinakili kitabu cha matukio kwa mkono, nakala tatu. Wenzake walinakili huku wakiwaza chakula cha mchana. Yeye alinakili huku akisoma. Mwaka wa pili aliomba ramani ya mji na boksi la pini. Mkuu wa kituo alidhani anataka kupamba ukuta, akamkubalia.

Heshima yake ilitokana na daftari la mali iliyopotea, ambalo hakuna aliyelijali. Mtu akiibiwa simu bila kumwona mwizi, ilikuwa rahisi kumwandika "amepoteza" na mambo yakaishia hapo. Mama Wapi alikaa na daftari hilo siku tatu, akakuta wanawake ishirini na watatu wamepoteza simu mahali pamoja, lango la nyuma la kliniki ya wajawazito, na wote siku ya Jumanne.

"Afande, simu hazina miguu," alimwambia mkuu. "Na akina mama hawa hawawezi kuwa wazembe wote siku moja ya wiki."

Mkuu hakufurahi. Ukaguzi ulikuwa umebakiza wiki mbili, na kuyaandika upya matukio yale kungepandisha takwimu za wizi. Akamwambia asubiri. Tulimwona akitoka ofisini macho yamelowa, tukadhani yamekwisha. Kumbe wapi! Alivuta simu ya mezani, akawatafuta wale wanawake mmoja mmoja kwa namba za ndugu walizoacha. Kumi na tisa walisema walisukumwa kwenye msongamano wa lango. Mmoja, mwenye mimba ya miezi minane, aliangushwa chini. Aliposomewa maelezo ya huyo, mkuu alisaini mabadiliko kwa mkono wake.

Tulipata karipio kwa "ongezeko la wizi", na tulilimeza. Lakini askari wawili wenye nguo za kiraia walipelekwa langoni, na Jumanne ya tatu watu watatu wakanaswa. Kliniki nayo ikapanua lango. Mwezi uliofuata hakuna simu hata moja "iliyopotea" pale.

Kompyuta zilipoingia, ramani ya kwanza ilitoa doa kubwa jekundu mahali pa hatari kuliko pote mjini: kituo chetu! Mkuu mpya alikwisha kuagiza doria getini pake mwenyewe kabla Mama Wapi hajagundua kwamba askari asiyejua anwani ya tukio alikuwa akiandika ya kituo. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akazunguka zamu zote kufundisha.

Amelea wachambuzi kumi na mmoja. Mimi ni wa sita. Ripoti yangu ya kwanza aliirudisha mara nne, ya nne kwa sababu ya nukta. Alituonya kwamba ramani haionyeshi uhalifu ulipo, inaonyesha ulikoandikwa, kwa hiyo tusimhukumu mtu kwa mtaa anaoishi.

Mumewe, fundi umeme mstaafu, anasema sasa anarudishiwa mke. Asijipe matumaini mapema: bibi amejiandikisha kujifunza kuogelea pamoja na mjukuu wake wa kwanza, ambaye tayari amemwacha mbali.

Mama, umetufundisha kwamba nyuma ya kila mstari wa daftari kuna mtu aliyekuja akitetemeka. Ahsante sana. Nenda ukapumzike kwa afya na vicheko; siku zako ziwe nyingi, na asiwepo wa kuzihesabu.