Mama Perez Adongo na Safari ya Mwisho ya Gari la Bure

Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, Mama Perez Adongo, dereva wa gari la bure la uwanja wa ndege, atastaafu baada ya kuitumikia Bustani ya Kiboko kwa miaka ishirini na minne. Siku hiyo hiyo gari lenyewe litasimamishwa. Uongozi umeeleza kwamba mambo haya mawili yameangukia tarehe moja kwa bahati tu. Mama Perez ameyasikia maelezo hayo, akajibu kwamba yeye anakwenda kwa sababu ametimiza miaka sitini, lakini gari bado ni kijana.

Alijiunga nasi mwaka 1999, Bustani ilipofunguliwa. Wafanyakazi wapya wasioijua historia yetu wafahamu kwamba jina la Kiboko halikukusudiwa. Mwenye Bustani wa kwanza aliagiza ng'ambo vazi la twiga, ili mtu alivae na kuwachezea watoto langoni. Sanduku lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kiboko mnene, mwenye tai shingoni na tabasamu la kudumu. Katika Uasin Gishu yote hakuna kiboko hata mmoja, na wenyeji walilisema hilo waziwazi. Hata hivyo kumrudisha kulikuwa kazi kubwa kuliko kupaka ubao rangi upya. Ubao ukapakwa.

Bustani ilikuwa na bembea, mitelezo ya maji, treni ndogo na hoteli. Ilikuwa pia na gari la bure, basi dogo la rangi ya manjano ambalo liliwachukua wageni kiwanja cha ndege, likapita nao katikati ya mji wa Eldoret na kuwafikisha kwetu, kwenye barabara ya Turbo. Mama Perez ndiye dereva pekee ambaye gari hilo limepata kumtii. Wengine waliojaribu walisimama nalo mlimani, wakashuka na kulitazama.

Gari hilo lilikuwa na kanuni moja: kila abiria avae taji la karatasi. Kanuni ilitungwa ili watoto wafurahi, lakini haikutaja watoto, na Mama Perez huitekeleza kanuni kama ilivyoandikwa. Askofu mmoja alivaa. Mheshimiwa mmoja, ambaye jina lake si lazima litajwe, alikataa. Mama Perez alizima injini, akatoa sindano na uzi, akaanza kufuma kitambaa. Walinzi wa mheshimiwa walitazamana. Hatimaye mheshimiwa alivaa taji, na inasemekana kwamba alisahau kulivua hata akaingia nalo kwenye mkutano wa mazao.

Kuhusu nani anastahili kupanda, Mama Perez alikuwa na maoni mapana. Akina mama waliouza maziwa karibu na kiwanja cha ndege walipanda. Mwalimu aliyekuwa akirudi Chepsaita na gunia la mbegu alipanda. Meneja wa wakati huo alimwita ofisini na kumuuliza hao walikuwa wageni wa aina gani.

“Ni wageni,” alisema Mama Perez, “ila hawajaamua kama watalala.”

Baadhi yao waliamua kweli. Mama Jepkosgei, aliyekuwa akipanda na madebe yake ya maziwa, ndiye aliyekuja kutuletea maziwa ya hoteli nzima.

Sasa ni lazima tuandike kuhusu Januari 2008. Mwezi huo hatuutaji kwa kucheka. Baada ya uchaguzi ule wa Desemba 2007, mji wetu uliungua, na kuna wenzetu waliokuwa wakila nasi mezani ambao hawakurudi tena. Lakini jambo moja la siku hizo linamhusu Mama Perez, na wasifu wake hauwezi kuliruka.

Mwenzetu Ephantus Waweru, mpishi wetu wa keki, alikuwa amebaki kazini wakati wa sikukuu, familia yake ikiwa Nyeri. Vurugu zilipoanza, jina lake la Kikikuyu peke yake lilitosha kumletea kifo barabarani. Matatu hazikutembea. Wenye teksi waliosikia jina la abiria walikata simu. Wageni wachache wa kigeni waliokuwa hotelini walitakiwa kuwahi ndege, na Mama Perez akakubali kuwapeleka. Asubuhi hiyo alipita jikoni, akamshika Waweru mkono, akampeleka stoo na kumvika vazi la Kiboko kuanzia miguuni hadi kichwani. Kisha akamketisha kiti cha mbele na kumpa amri moja: asitoe neno lolote mpaka yeye, dereva, amruhusu.

Hapa msomaji ajue kanuni ya pili ya Bustani. Mtu wa kwanza kulivaa vazi lile alikuwa mtunza bustani, naye alilitumia kuwagombeza watoto waliokanyaga maua. Kiboko mwenye tabasamu akitoa maneno makali aliwatisha wengi, na tangu hapo ikaamriwa kwamba Kiboko asiseme kamwe. Hupunga mkono, hucheza, hunyamaza. Kila mtoto wa Eldoret alilijua hilo, na kila mzazi aliyewahi kumleta mtoto kwetu.

Kabla ya kuingia mjini walikuta kizuizi cha gogo la mkaratusi na mawe. Vijana walilizunguka gari. Ndani waliona Wazungu wenye mataji ya karatasi, na mbele yao kiboko mwenye tai. Mazungumzo yanaandikwa hapa kama yalivyotamkwa.

“Mama, huyu ni nani?” aliuliza mmoja aliyekuwa na rungu.

“Si unaona? Ni Kiboko.”

“Aongee Kikalenjin tusikie. Atusalimie tu, aseme *chamge*.”

“Kiboko haongeangi.”

“Leo ataongea.”

“Kijana, Kiboko haongeangi. Kama hujui, uliza mwenye mtoto.”

Kisha mkubwa wao, aliyeitwa Kimeli, akasogea na kumtazama Kiboko usoni. “Hiyo ni ukweli,” alisema. “Nilileta Jerop wangu hapo Krismasi. Alimsalimia huyu mnyama mpaka akalia. Hakujibiwa hata moja.”

Wenzake wakacheka, lakini yule wa rungu hakuridhika. “Basi atoe kichwa.”

“Toa wewe,” alisema Mama Perez. “Halafu uende umwambie Jerop ulifanya Kiboko nini.”

Kijana alimtazama Kimeli. Kimeli alitazama barabara. Waweru, ambaye jasho lilikuwa limemjaa hadi kwenye viatu, aliinua mkono wa Kiboko na kupunga, kama alivyowaona wenzake wakifanya langoni. Kimeli, pasipo kufikiri, naye akapunga. Baada ya hapo haikuwezekana tena kwa yeyote kumwua. Mama Perez aliwapa taji moja la kumpelekea Jerop, na gogo likavutwa kando.

Walipopita, sauti ilianza kutoka ndani ya kichwa cha Kiboko. Waweru alikuwa akijaribu kushukuru.

“Kiboko haongeangi,” alisema Mama Perez, macho yakiwa barabarani. “Kuna kizuizi kingine.”

Vilikuwepo kadhaa, na kila kimoja kilipitwa kwa njia ile ile. Waweru alivua kichwa kwenye ngazi ya ndege, kwa kuwa rubani alikataa kuruka na kiboko. Mama Perez alikuwa tayari amekwisha kugeuza gari.

Waweru alirudi kazini mwaka uliofuata. Siku ya kwanza alimngoja mlangoni pa jikoni, akakohoa, akaanza hotuba yake. Mama Perez aliyachukua mandazi mawili, akasema, “Kiboko haongeangi,” akaenda zake. Amekuwa akimjibu hivyo tangu wakati huo. Waweru amejaribu kwenye karamu za mwisho wa mwaka, kanisani, na siku moja kwenye foleni ya benki, ambako watu waliosikia jibu hilo walisogea mbali nao. Aliposhindwa, akageukia keki. Kila Januari huoka keki ya umbo la kiboko na kuiweka kwenye kiti cha dereva. Mama Perez huila, akianzia masikioni.

Wengi walidhani ni mzaha wake tu. Lakini aliwahi kumwambia Lorraine wa mapokezi, walipokuwa wakinywa chai, kwamba siku ile gari lilikuwa na viti vitupu. Wako wenzetu ambao wangeweza kuvikalia. Tangu hapo tumeelewa kwa nini Mama Perez hapendi kushukuriwa, na kwa nini hajawahi kumshusha mtu kwenye gari la bure.

Tusimwache Mama Perez aonekane kama mtu asiyekosea. Kosa lake kubwa lilitokea mwaka jana, na waliolishuhudia bado wanalisimulia. Ilitangazwa kwamba mwanariadha mmoja wa kwetu, aliyeshinda mbio za ng'ambo, angewasili kwa ndege ya asubuhi. Akina mama walifika kiwanjani na vibuyu vya mursik, maziwa ya kumkaribishia mshindi, kama ilivyo desturi. Katika ndege hiyo alikuwemo pia Bwana Byron, mtaalamu aliyetumwa na wamiliki wapya wa Bustani kuchunguza gharama za gari la bure. Bwana Byron ni mrefu, mwembamba, na siku hiyo alivaa suti ya michezo kwa sababu anapenda kusafiri bila kubanwa. Mama Perez alimwona, akamfungulia mlango wa gari kwa heshima yake yote na kutangaza kwa sauti, “Ndiye huyu!”

Hakuna aliyemsikiliza Bwana Byron alipojieleza. Alinyweshwa mursik kibuyu baada ya kibuyu, akavikwa sinendet shingoni, ule mmea wa washindi, akabebwa mabegani. Gari lilimzungusha mjini likipiga honi. Polisi wa barabarani walimpigia saluti. Mwanariadha mwenyewe alipanda na begi lake, akavaa taji la karatasi, akakaa kiti cha nyuma na kuimba pamoja na wengine. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu, “Nilitaka kwanza nijue ni nani amenishinda.”

Bwana Byron alilala chumbani kwake hadi tumbo lilipotulia. Alipoamka alisema kwamba hajawahi kupokewa vizuri kiasi hicho maishani mwake, na kwamba gari ni ghali mno na liondolewe. Hana kinyongo. Sinendet ile ameitundika ofisini kwake Nairobi.

Hivyo ndivyo tulivyofika hapa. Meneja wetu, Bwana Felix, alimwita Mama Perez kumuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu. Wengine huomba saa, tangi la maji, au ng'ombe. Mama Perez aliomba gari liendelee.

“Mama, siku hizi kila mgeni ana simu,” alisema Bwana Felix kwa upole. “Anaita teksi, inakuja.”

“Na siku teksi itauliza jina kwanza?”

“Mama, hiyo ni historia.”

“Naijua. Mimi ndiye nilikuwa naiendesha.”

Bwana Felix ni mtu mwema. Alikwenda kuwapigia wamiliki simu, akarudi na jibu lile lile. Kuanzia Jumamosi, mgeni atakayeshuka kiwanja cha ndege atajitafutia usafiri wake. Hatutaandika kwamba Mama Perez ameridhika, kwa kuwa hajaridhika, na sisi pia hatujaridhika.

Hata hivyo hakuondoka mikono mitupu. Uongozi ulikuwa umeamua gari liwekwe kando ya bembea, liinuliwe kwa matofali, watoto walichezee. Mama Perez alikubali watoto, akakataa matofali. Ilikubaliwa mwishowe kwamba magurudumu yabaki, betri ibaki, tangi lisikaushwe, na ufunguo utundikwe jikoni, kwa Bwana Waweru, ambaye sasa ndiye mpishi mkuu. Gari litalala, lakini likiitwa litaamka.

Ufunguo bila dereva hauna maana, kwa hiyo tangu Machi Mama Perez amekuwa akimfundisha Waweru kuliendesha. Anaendesha kana kwamba amebeba keki ambayo sukari ya juu haijakauka. Punda wamempita. Mlima wa kuelekea mjini ulimshinda kwa wiki nyingi, na mwalimu wake alikuwa akishuka na kuutembea kwa miguu ili amngoje juu, akifuma kitambaa. Mwanzoni mwa mwezi huu alipofika kileleni alimkuta Waweru ametangulia. Aliingia ndani, akavaa taji, akasema, “Twende.” Aliyotaka kuyasema mwanafunzi hayakusikika, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunyamazishwa.

Sherehe ya Ijumaa itaanza baada ya chakula cha mchana, mbele ya lango. Kimeli na binti yake Jerop, ambaye sasa ni mwalimu wa watoto wadogo huko Cheptiret, wamethibitisha kuja. Jerop amesema analo bado lile taji. Hotuba ziwe fupi. Baadaye gari la bure litafanya safari yake ya mwisho, kutoka hapa hadi nyumbani kwa Mama Perez huko Turbo, ambako anakusudia kufuga kuku na kuamka atakapo. Kila mfanyakazi anayetaka atapanda. Mataji yatatolewa mlangoni, na wakuu wa idara hawatasamehewa.

Mama Perez, kwa mara ya kwanza utakaa kiti cha abiria. Bwana Waweru ndiye atakayeshika usukani. Mkifika langoni kwako atazima injini, na hapo ana maneno machache ambayo ameyahifadhi tangu Januari 2008. Tunajua utakalotaka kumjibu. Tunakuomba ukumbuke kwamba ndani ya gari lile amri imekuwa ya dereva siku zote, na safari hii dereva ni yeye.

Asante kwa kila kiti ulichokijaza. Tunakuombea uzee mtamu, kuku watiifu, na wageni wengi langoni mwako, waliokwisha kuamua kulala na wale ambao bado.