Chaji ya Siku Moja

Kwenye basi dogo la Kosta, kutoka Tunduma kwenda Mlowo, mama mmoja alimuuliza kijana aliyeketi naye, kiti cha mbele yangu, simu yake ya kioo inafanya nini.

“Inapiga picha, ina ramani, inaonyesha hata mvua ya Lusaka.”

“Mbona kioo cheusi?”

“Imezima, mama. Chaji haimalizi siku.”

“Yangu ya tochi naichaji Jumapili mpaka Jumapili. Hiyo yako umenunua kioo cha kunyolea, mwanangu!” Mama alicheka peke yake.

“Juzi niliimaliza kwa kuangalia mpira,” kijana alisema. “Kumbe baba amefariki, kijijini Iyula. Walinipigia kutwa nzima. Jana walinisubiri makaburini mpaka saa kumi, ndipo wakazika. Mimi ndiye mkubwa, lakini udongo wa kwanza ametupa mdogo wangu.”

Nyuma yao, simu yangu ya kioo, ya aina ileile, niliirudisha mfukoni.

“Pole, baba,” mama alisema, akimpa simu yake ya tochi. “Shika hii, mwambie mama yako uko njiani.”

Kijana aliandika namba zote kumi bila kukosea, kisha kidole kikabaki juu ya kitufe cha kijani. Konda alipoita Mlowo, alimrudishia mama simu, akashuka. Hakuwa amepiga.